Kompyuta ya Mama Salwa

Umeme ulirudi Kaloleni saa tisa alasiri, Jumanne. Redio ya jirani ikadaka wimbo katikati, friji la duka la pembeni likaanza kunguruma, na watu waliokuwa wamekaa nje wakainuka kurudi kwenye shughuli zao. Nusu saa baadaye Hafidha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Salwa, aliingia kwake akiwa na ribani mpya ya wino ya printa mkononi. Alikuwa ameitafuta mjini tangu umeme ulipokatika saa nne asubuhi.

Hakuvua hata mtandio. Aliwasha swichi ya ukutani na kusubiri. Kitufe cha kompyuta kilikuwa bado kimebonyea kama alivyokiacha, kwa hiyo mashine ilipaswa kunguruma yenyewe. Haikunguruma. Alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena. Hakikutokea kitu. Kijitaa cha kijani kilichokuwa kikimkonyeza kila siku hakikuwaka, wala feni ya nyuma haikuzunguka.

"Baba Salwa!" aliita. "Huku ndani umeme upo?"

"Upo," mumewe alijibu kutoka barazani. "Si unasikia redio?"

Mikidadi alikuwa fundi cherehani. Alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, na mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kikanyagio.

Hafidha alichukua taa ya mezani akaichomeka kwenye tundu lile lile. Ikawaka. Alichomoa waya wa kompyuta na kuweka wa skrini, kwa kuwa nyaya zile mbili zilifanana. Kimya. Alifungua plagi kwa kisu cha mboga, akatoa fyuzi yake na kuweka fyuzi ya pasi. Kimya vilevile. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye bati la kompyuta kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kutoka ndani ilikuja harufu ya kitu kilichoungua.

Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni, ribani mpya ikiwa mapajani.

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo Hafidha alikuwa mpiga chapa katika shirika la umma ambalo sasa halikuwepo tena. Liliuzwa, na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake walinunua mashine za kusaga au waliingia kwenye mitumba. Yeye kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye kompyuta iliyokwishatumika na printa yake. Akaandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha mlangoni: TUNACHAPA BARUA, MIKATABA, MAOMBI YA KAZI. Mikidadi hakusema kitu wakati ule, ila kwa miezi miwili alipita karibu na mashine ile kama mtu anayepita karibu na mgeni asiyemwalika.

Lakini Jumanne hiyo Hafidha hakuwa akiwaza kiinua mgongo. Aliwaza kilichokuwa ndani ya kompyuta. Humo mlikuwa na maelezo ya watu thelathini na wanane wa kijiji kimoja cha magharibi mwa Mlima Meru, ambao ardhi yao ilikuwa imeingizwa katika shamba la zamani la kahawa lililokuwa linauzwa kwa mwekezaji. Tume ya kuwasikiliza ingekaa Ijumaa saa tatu asubuhi. Wengi wao wangeweza kusema tena walichosema. Mmoja hangeweza. Mzee Lesikar, aliyeijua mipaka kuliko mtu yeyote kijijini, hakujua kuandika. Alikuja mwenyewe Kaloleni, akakaa kwenye kiti cha plastiki kwa siku mbili akizungumza, na Hafidha akachapa kila neno. Wiki moja baadaye alifariki. Ribani ilikuwa imekwisha, kwa hiyo maneno yake hayakuwahi kuchapwa kwenye karatasi hata moja. Disketi ya akiba nayo ilikuwa na maelezo ya watu kumi na watano wa mwanzo tu.

*

Mikidadi alijua kilichotokea.

Mwezi huo alikuwa amefunga mota ya umeme kwenye cherehani yake. Mitumba ilikuwa imemnyang'anya wateja wa mashati na suruali, na waliobaki ni wa sare za harusi, ambao walitaka nguo zao haraka. Mota ile aliinunua kwa kuuza baiskeli. Jumanne hiyo umeme uliporudi mara ya kwanza, saa saba mchana, ulikuja dhaifu, ukicheza, na aliogopa utaiunguza. Akaingia ndani, akachomoa stebilaiza ya kompyuta, kile kisanduku cha kutuliza umeme, akaipeleka barazani. Ili mkewe akirudi akute mambo kama alivyoyaacha, aliuchomeka waya wa kompyuta moja kwa moja ukutani na kuwasha swichi. Hakujua kwamba kitufe cha mashine yenyewe kilikuwa kimebonyea, kwa kuwa umeme ule dhaifu haukutosha kuiamsha.

Baada ya muda umeme ulikatika tena. Uliporudi saa tisa, ulikuja kwa kishindo. Taa ya barazani iling'aa hadi ikawa nyeupe, na kutoka chumbani akasikia mlio mmoja mdogo, pah, kama wa njugu kupasuka kaangoni. Alikimbia ndani. Alizima kila kitu, akairudisha stebilaiza mahali pake, akafungua dirisha harufu itoke. Aliporudi barazani alimkuta mama yake, Bi Mwanamkuu, amekaa kwenye mkeka wake akichambua mchele. Bibi yule alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

Jioni ile Hafidha alipomwambia kuhusu ile harufu, Mikidadi alisema, "Labda ni vumbi." Alipokwisha kulisema neno hilo aliona kwamba kesho yake ingekuwa vigumu zaidi kusema jingine.

*

Jumatano asubuhi walikwenda mjini kwa miguu. Mikidadi aliibeba kompyuta begani, imeviringishwa blanketi, na Hafidha akatembea nyuma yake akiishikilia isiteleze. Duka la kompyuta lilikuwa ghorofani, lina zulia, na kioo chake kilisuguliwa hadi hakionekani. Mikidadi aliegemea kabati apumzike.

"Mzee, usiegemee kioo," alisema kijana aliyevaa tai.

"Samahani."

Waliambiwa wasubiri. Walisubiri. Wakaingia wazungu wawili na dereva wao, wakahudumiwa. Akaingia bwana wa kampuni ya utalii, akaletewa kiti na soda. Hafidha alisogea hadi mbele ya meza.

"Kaka, sisi tulitangulia."

"Nawaona, mama." Kijana alivuta kompyuta, akasoma maandishi ya mbele yake, akamchekea yule bwana wa utalii kwa macho. "Hii bado mnaitumia?"

"Ndiyo inayotulisha."

Aliichomeka, akabonyeza mara mbili, akainusa. "Nyumbani ilikuwa kwenye stebilaiza?"

"Ndiyo," Hafidha alijibu mara moja. "Haijawahi kutoka kwenye stebilaiza tangu niinunue."

Mikidadi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Alitazama zulia.

"Kama ilikuwa kwenye stebilaiza, basi siyo umeme," alisema kijana. "Ni bodi kubwa imekufa kwa uzee. Bodi za namna hii hazipatikani tena. Niachieni hapa, nitawapa kitu kidogo kwa ajili ya vipuri."

"Na vilivyomo ndani? Kuna kazi za watu."

"Mama, ikishakufa imekufa. Sasa mnachukua, au mnaacha? Kuna watu nyuma yenu."

Hafidha alikunja blanketi lake juu ya mashine kwa utaratibu, pembe kwa pembe, kama anayefunika mtoto. "Tunachukua," alisema.

Njiani, walipofika karibu na uwanja wa mpira, Mikidadi aliomba wapumzike, akaitua kompyuta juu ya ukuta mfupi. Alifungua mdomo. Hafidha alikuwa amegeuza uso upande wa pili, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio ili watu wasione. Mikidadi akafunga mdomo, akaitwika tena.

*

Namnyaki aliteremka kutoka mlimani jioni ile ile. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lesikar, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, aliyekata nywele kwa ajili ya msiba. Alikuja kuchukua karatasi. Aliinama mbele ya Bi Mwanamkuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Tulimlaza karibu na chemchemi, pembeni ya mama." Alimgeukia Hafidha akitabasamu. "Mama Salwa, nimeleta maziwa. Na mfuko wa kubebea."

Mfuko wenyewe ulikuwa mpya, wa turubai, umeshonwa vizuri ili mvua isipenye. Hafidha aliutazama, akashindwa kuanza. Mwishowe alieleza yote: umeme, harufu, kijana wa dukani. Namnyaki alisikiliza bila kukatiza.

"Sasa maneno ya baba yapo wapi?" aliuliza.

"Yamo humo ndani."

"Hayajaungua?"

"Sijui, dada yangu. Sijui kweli."

Namnyaki aliinuka akaenda mahali kompyuta ilipokuwa, akaweka kiganja juu yake. "Siku zile mbili alizokuja kwako, mimi nilibaki na ng'ombe," alisema. "Aliporudi nilimuuliza, umemwambia nini yule mama? Akasema, nimemwambia yote, utasomewa siku ya tume. Basi nikanyamaza, nikangoja siku ya tume." Alitoa mkono. "Kijijini niwaambie nini?"

"Waambie waje Ijumaa," alisema Hafidha. Hata yeye alishangaa kujisikia akisema hivyo. "Kesho nitatafuta fundi mwingine. Wewe njoo kesho jioni."

Namnyaki alipoondoka aliacha mfuko ule juu ya kiti.

Hafidha alikwenda jikoni kuchemsha maziwa. Bi Mwanamkuu alibaki barazani na mwanawe. Alikuwa mama wa Kirangi, mzaliwa wa Kondoa, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mikidadi."

"Naam, mama."

"Jana nilikuona umebeba kile kidude. Nilikuona ukikitoa, na nilikuona ukikirudisha." Alinyoosha miguu yake polepole. "Nilidhani utasema mwenyewe. Mimi simwambii mkeo. Lakini yule mtoto wa watu ametoka kuzika, na wewe umekaa hapo unamtazama."

Mikidadi alishika mkasi wake akaufungua na kuufunga bila kukata kitu.

*

Romanus alikuwa fundi wa redio na televisheni Sombetini. Banda lake lilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na juu ya mlango ilining'inia picha ya Bikira Maria pamoja na waya wa antena. Alikuwa Mchaga mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alhamisi asubuhi, walipoiweka kompyuta juu ya meza yake, alirudi nyuma nusu hatua.

"Mama, nisiwadanganye. Hii sijawahi kuifungua."

"Yule anayezijua amesema imekufa," alisema Hafidha. "Bora wewe usiyejidai ujuzi, uitazame kwa macho yako."

Romanus alicheka. Alivuta stuli. "Haya. Mgonjwa huyu aliumwaje? Nielezeni tangu mwanzo. Umeme ulirudi kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Ilikuwa kwenye stebilaiza?"

"Ilikuwa," alisema Hafidha.

"Haikuwa," alisema Mikidadi.

Hafidha aligeuka.

"Haikuwa, Mama Salwa. Niliitoa mimi. Niliipeleka kwenye mota yangu. Kompyuta niliichomeka ukutani na kuwasha swichi. Umeme ulipokuja nikasikia mlio, nikazima, nikairudisha stebilaiza ili usijue." Alisimama katikati ya redio zile akiwa ameshika blanketi kwa mikono miwili, na jasho limemtoka juu ya mdomo.

Redio moja mle bandani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Jana," Hafidha alisema, "jana yule kijana aliniuliza swali hili hili. Nikajibu mbele yako. Nikatoka pale nimedharauliwa, na wewe ulikuwa na jibu mdomoni."

"Nilikuwa nalo."

"Mzee wa watu amekufa, Baba Salwa."

"Najua. Sikulala."

Hafidha alitaka kusema mengine, na yalikuwa mengi, ya miaka mitatu nzima. Lakini alimwona Romanus ameshavaa miwani yake vizuri na anatafuta bisibisi, na uso wake umechangamka.

"Hayo mtayamalizia nyumbani," alisema fundi. "Mimi nimefurahi. Kama ingekuwa kwenye stebilaiza ikafa, ningesema sijui. Lakini kama umeme umeingia moja kwa moja ukutani, basi umepita mlango wa mbele. Na mlangoni huwa kuna mlinzi. Tumtafute huyo kwanza."

Alifungua bati. Nyuma ya mashine, palipoingia waya wa umeme, palikuwa na boksi la chuma lenye feni. Aliling'oa, akaliweka peke yake mezani, akawaambia wasiliguse. "Hili hata likichomolewa huwa linabaki na umeme tumboni. Linywe chai kwanza." Na kweli aliagiza chai, wakanywa wote watatu wakilitazama. Kisha akalifungua.

Hakuhitaji hata mita. Fyuzi ya kioo, ndogo kama punje ya mchele mrefu, ilikuwa nyeusi yote. Pembeni yake kidude cha mviringo kilikuwa kimepasuka katikati.

"Mnamwona? Huyu ndiye mlinzi. Kazi yake ni kujiua umeme ukizidi, ili walio ndani wapone." Alishika mita yake, akapima huku na huku, akinung'unika tarakimu. "Hawa wanaonekana wazima. Na huyu. Na huyu. Nitamtoa mlinzi aliyekufa, nitaweka fyuzi ya televisheni. Ila msiiwashe tena bila stebilaiza, mnanisikia? Sasa hivi mlango hauna mtu."

"Tumesikia," alisema Mikidadi.

Baada ya kulehemu, Romanus hakuichomeka ukutani. Alitoa balbu kubwa ya kawaida, akaiunganisha njiani ili umeme upite kwanza kwenye balbu. "Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna tatizo ndani. Ikiwaka kidogo na kufifia, tunamshukuru Mungu." Alilirudisha boksi ndani ya kompyuta, akatazama picha ya mlangoni, akawasha.

Balbu iliwaka. Hafidha alishika mkono wa mumewe bila kukumbuka kwamba amemkasirikia. Balbu ikafifia, ikabaki na wekundu mdogo kama wa kaa la mkaa, na feni ya nyuma ikatikisika, ikasita, ikaanza kuzunguka.

*

Romanus alifunga banda lake akaandamana nao hadi Kaloleni, kwa kuwa, alisema, hawezi kumtibu mgonjwa bila kumwona akiamka. Walifika saa sita. Bi Mwanamkuu alisogeza mkeka wake hadi mlangoni. Kompyuta ikaunganishwa na skrini kupitia stebilaiza, na Hafidha akabonyeza.

Skrini iliwaka. Ikapiga mlio mmoja. Kisha yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza ambayo Hafidha hakuwahi kuyaona, na chini kabisa yakasimama, yakingoja.

"Inasemaje?" aliuliza Mikidadi.

Hafidha alisoma polepole. "Inasema imesahau mipangilio. Betri yake ya ndani imekwisha. Inasema tarehe ni ya mwaka themanini." Alifuata mstari wa mwisho kwa kidole. "Inasema haina diski."

"Diski ndiyo nini?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Ndiyo yenye maneno, mama."

Romanus alivua miwani yake akaipangusa. "Mama Salwa, kwenye umeme ningekusaidia. Hapa pa kusoma, mimi sina changu."

Hafidha alikaa. Mikono yake aliiweka mapajani. Alikumbuka mafunzo ya siku nne ambayo shirika liliwapa kabla ya kuuzwa. Mwalimu alisema mambo mengi kwa haraka, na wanaume waliokaa mbele ndio waliouliza maswali. Yeye aliandika kila kitu kwa hati mkato, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuandika kinachosemwa hata asipokielewa. Aliinuka akaenda kwenye sanduku la nguo, akatoa daftari lenye jalada la bluu. Alifunua kurasa, midomo ikicheza.

"Mashine ikisahau diski," alisoma, "iambie. Silinda, vichwa, sekta. Namba zimeandikwa kwenye diski yenyewe." Alifunga daftari. "Diski haijaungua, basi. Imesahauliwa tu. Ndugu Romanus, zima. Fungua tena bati."

Diski ilikuwa imefungwa ndani pembeni, na karatasi yake ya namba ilitazama mahali penye giza. Maandishi yalikuwa madogo kama mchanga. Hafidha alijaribu kwa tochi, akashindwa. Macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kumwacha. Romanus naye alishindwa.

"Nipisheni," alisema Mikidadi.

Miaka ishirini na minane alikuwa ametunga uzi kwenye sindano na kuhesabu mishono ya kola. Alipiga magoti, akaingiza kioo kidogo cha kunyolea pembeni ya diski, akamulika. Shavu lake liligusa bati.

"Naona tarakimu kinyumenyume. Ngoja." Aligeuza kichwa. "Andika. Silinda, mia tisa thelathini na tisa. Vichwa, kumi na mbili. Sekta, thelathini na tano."

Hafidha aliwasha, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio kama daftari lilivyosema, akaandika. Mashine ilifikiri. Kisha ikakataa.

Bi Mwanamkuu alishika tasbihi yake.

"Rudia ya kwanza," Hafidha alisema. Alisema kwa upole, kama alivyokuwa akisema na mabosi wake waliposoma vibaya mwandiko wao wenyewe. "Usiharakishe. Pangusa vumbi kwanza."

Mikidadi alilowesha ncha ya kitambaa kwa mate, akaifikisha kwa kidole kimoja, akapangusa. Akatazama tena kwa muda mrefu. "Siyo tatu," alisema. "Ni nane. Mia tisa *themanini* na tisa."

Hafidha aliandika nane. Alibonyeza, akaondoa mkono, akafumba macho. Aliisikia diski kabla ya kuiona: ile sauti yake ya kukwaruza, kama kuku anayeparua uani, sauti ambayo kwa miaka mitatu ilimkera na sasa ilimtoa machozi. Alipofumbua macho, orodha ya mafaili ilikuwa ikipanda kwenye skrini, jina baada ya jina, la thelathini na nane likiwa LESIKAR.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanamkuu.

"Amina, bibi," alisema Romanus, akapiga ishara ya msalaba.

*

Walichapa mchana kutwa, maana hawakujua umeme ungekaa hadi saa ngapi. Hafidha alianza na Mzee Lesikar. Printa ilipiga kelele kama cherehani iliyokosa mafuta, na Mikidadi akakaa pembeni yake akichana karatasi na kuzipanga. Mota yake ilikuwa imechomolewa, na alikanyaga kwa miguu mishono michache iliyobaki ya gauni la bibi harusi karatasi zilipokuwa zikitoka. Hawakuwa wamepatana, ila walikuwa wakifanya kazi.

"Ungeniambia," Hafidha alisema wakati fulani, bila kugeuka, "ningekasirika siku moja tu."

"Niliogopa utasema niliichukia mashine yako."

"Uliichukia?"

Mikidadi alipanga kingo za karatasi hadi zikalingana. "Mwanzoni. Ulipoanza kuleta unga kabla yangu. Sasa siichukii."

Namnyaki alifika jua likiwa bado juu. Alisimama mlangoni, akasikia kelele za printa, na hakuuliza. Hafidha alimkalisha kwenye kiti cha plastiki akamsomea. Mzee Lesikar alikuwa ameeleza kila mti na kila mfereji, nani alilima wapi, na mwaka gani walihamishwa na kwa maneno gani. Kwenye ukurasa wa nne alisema hivi: *Mkiniuliza najuaje kuwa pale ni kwetu, nitawaambia mke wangu wa kwanza alijifungua pale, chini ya mteremko wa chemchemi, mvua ikinyesha, kwa sababu hakuweza kufika nyumbani. Nilimfunika kwa shuka yangu mimi mwenyewe. Mtoto tulimwita Namnyaki, mwenye bahati, maana alilia kabla ya radi.*

"Soma tena," alisema Namnyaki.

Hafidha akasoma tena.

"Hakuwahi kuniambia habari ya mvua," alisema Namnyaki. Alifuta uso kwa mikono yote miwili, kisha akachukua mfuko wake wa turubai na kuufungua mdomo. "Tia. Tia zote."

*

Ijumaa tume ilikaa katika ofisi ya kata. Chumba kilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mwenyekiti, Bwana Efraimu, alikuwa hakimu mstaafu mwenye sauti ya chini. Alizipokea karatasi moja moja. Alipofika kwa Mzee Lesikar, wakili wa mwekezaji alisimama.

"Mheshimiwa, hii haina sahihi wala dole gumba. Mtu amekufa. Tutajuaje alisema haya? Karatasi inaweza kuchapwa na yeyote."

Manung'uniko yalipita chumbani. Bwana Efraimu aliigeuza karatasi nyuma na mbele. "Nani aliyechapa?"

Hafidha alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuja kuleta nakala tu. Alisimama.

"Ni mimi."

"Huyu ni mpiga chapa wa mtaani, mheshimiwa," alisema wakili. "Anajua nini kuhusu mipaka ya shamba?"

"Sijui mipaka," Hafidha alisema. "Sijawahi hata kufika huko. Ndiyo maana nisingeweza kuyatunga. Mzee alikaa mbele yangu siku mbili, akisema na mimi nikiandika. Aliposema taratibu niliandika taratibu. Alipolia nilingoja. Nimefanya kazi ya kuandika maneno ya watu kwa miaka ishirini na mbili, na sijawahi kuongeza langu. Niapisheni."

Bwana Efraimu akamwambia karani alete Korani.

Aliapa, na alisoma kurasa zote saba kwa sauti, amesimama. Mikidadi, aliyekuwa ameacha gauni la watu ili amsindikize, alisimama nje kwenye jua akimsikiliza mkewe kupitia ukuta.

Jibu la tume lilikuja baada ya mvua za vuli. Halikuwapa wanakijiji kila kitu. Mashamba ya juu yenye kahawa yalikwenda kwa mwekezaji, na kuna familia zilizolia siku hiyo. Lakini mteremko wa chini, malisho na chemchemi vilirudishwa kijijini, na barua ilisema wazi kwamba tume ilitegemea zaidi maelezo ya marehemu.

Namnyaki aliteremka mwenyewe kuwaletea habari. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimepakwa rangi upya, na barazani wateja wawili walikuwa wakisubiri zamu. Mikidadi alimpa kiti, akasikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa.

"Sasa hapo tuseme mmeshinda au mmeshindwa?"

Namnyaki alikaa vizuri kitini.

"Ng'ombe wananywa maji palepale," alisema. "Na baba amelala kwake."